Tovuti Iliyofungiwa Kabatini

Gari lilikuwa limeshawashwa. Begi kubwa lilikuwa limeshafungwa kwa kamba juu ya paa. Dereva alikuwa ameshapiga honi mara mbili. Binti wa fundi viatu alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mlango ukiwa wazi, mguu mmoja ndani na mguu mmoja nje. Alikuwa anatazama mlango wa karakana.

Mlangoni hakutokea mtu.

Ndani ya karakana nyundo ililia. Ko, ko, ko. Baba yake alikuwa anagonga soli iliyokuwa imeshashika tangu jana. Watu wote walimwita Fundi Soli, na siku ile alikuwa na soli moja tu duniani, na hakutaka kuiacha.

"Dada, twende. Njia ni ndefu," dereva alisema.

Mama alikuwa amesimama dirishani pa gari. Alikuwa ameshalia, akafuta, akalia tena.

"Fika salama, mwanangu. Ukifika tu, sema umefika."

"Mama, mwambie baba asome barua! Nimeiweka juu ya kompyuta. Aisome kabla ya mwezi wa sita!"

"Nitamwambia."

Binti aliingiza mguu wa nje. Ulikuwa mguu wa kushoto, wenye kiatu cha soli nene. Mlango ukafungwa, gari likaondoka.

Mama aliingia karakana.

"Ameondoka."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Amesema usome barua."

"Mwenye neno hulisema kwa mdomo. Barua ni ya mwoga."

"Na anayejificha nyuma ya nyundo tumwiteje?"

Ko, ko, ko.

*

Ili ujue uchungu wa mzee yule, lazima ujue mguu ule.

Binti alizaliwa mguu wa kushoto ukiwa mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu. Wakati huo baba yake alikuwa anashona viatu vya kawaida tu, vya kila mtu. Mtoto alipofika miaka minne alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Madukani hakukuwa na kiatu cha mtoto yule. Basi baba akajifungia karakana. Alitengeneza kiatu, kikambana. Alitengeneza cha pili, kikamwangusha. Alichana viatu saba. Cha nane kilikuwa na soli ya vidole vitatu kamili, nyepesi, imechongwa kwa ndani. Mtoto alikivaa. Akauacha ukuta. Akavuka uwanja peke yake mpaka kwa mama yake.

Habari za kiatu kile zilitembea kuliko mtoto mwenyewe. Walikuja wenye mguu mfupi, wenye wayo uliopinda, wenye vidole vilivyokatwa. Fundi alipima, mkewe aliandika, wa kwanza kabisa mguu wa mtoto wao. Aliandika kwenye madaftari makubwa yenye majalada magumu: jina, mguu gani, umepungua vidole vingapi, unauma wapi, uzito unaangukia upande gani. Madaftari yalifika matatu. Miguu ilifika mia mbili na kumi na miwili.

Binti alikua, akasoma mambo ya kompyuta, akaitengenezea karakana tovuti. Watu wa mbali wakaona picha za viatu, wakaagiza. Binti alikaa miezi minne akinakili yale madaftari matatu, mstari kwa mstari, mpaka yote yakawa kwenye tovuti. Kila mteja akapewa namba yake ya kufungulia vipimo vyake.

Alipomaliza, Fundi aliyatazama yale madaftari. Majalada yalikuwa magumu, mazuri mno. Akachukua kisu, akayakata kuwa violezo vya kukatia ngozi. Karatasi za ndani alizikunja akazijaza ndani ya viatu vipya, visibonyee.

"Mwandiko wangu huo!" mkewe alipiga kelele.

"Mwandiko wako uko kwenye kompyuta, mama. Siku hizi wewe ni mtu wa kisasa."

Wakacheka wote watatu. Ilikuwa nyumba ya kucheka wakati huo.

Kisha kampuni moja ya nchi ya mbali ikamwita Binti kazini.

"Na karakana?" baba aliuliza.

"Karakana ina tovuti, baba. Watu watakupata tu."

"Miguu niliyokutengenezea mimi, ndiyo unayotumia kunikimbia?"

Neno lile lilimwingia Binti kama msumari uliopitiliza soli. Siku kumi na mbili baba na mwana walipishana mlangoni bila salamu, mpaka gari lilipokuja.

*

Jioni ya safari, Fundi alikwenda penye kompyuta. Bahasha ilikuwa juu yake, imeandikwa "Baba". Hakuifungua. Alizima kompyuta, akaifuta vumbi, akaifunga kwa ngozi laini ya kondoo pamoja na bahasha yake, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Akaiingiza kwenye kabati la kuwekea ngozi nzuri. Akafunga kwa ufunguo. Ufunguo akautia kwenye kamba ya kiatu na kuuvaa shingoni.

"Unafanya nini?" mkewe aliuliza.

"Natunza tovuti."

"Sasa watu wataionaje ikiwa kabatini?"

"Tulipokuwa tunaizima kila jioni, walikuwa hawaioni?"

"Walikuwa wanaiona."

"Basi. Kitu kisichoguswa hakichakai. Kiatu cha sandukuni hakiliwi soli."

Na kweli, simu ziliendelea kuja. Namba ya simu ya karakana ilikuwa imeandikwa kwenye tovuti. Mteja alifungua vipimo vyake huko aliko, akavisoma kwenye simu, Fundi akakata ngozi. Mwezi wa tatu hivyo, wa nne hivyo, wa tano hivyo. Fundi aligusa ufunguo kifuani akajisifu moyoni.

Binti naye alipiga simu. Fundi aliona namba ndefu ya nje, akaigeuza simu kifudifudi. Mkewe alizungumza na mtoto wake nyuma ya nyumba, kwa simu yake mwenyewe.

"Mama, baba amesoma barua?"

Mama alitazama ukuta. Hakutaka kumuumiza mtoto ugenini.

"Amesoma, mwanangu. Kila kitu kinatunzwa."

Uongo mdogo, wa huruma. Uweke akilini, utarudi.

Mwezi wa sita ukapita. Simu ya karakana ikalia mara moja kwa siku, kisha mara moja kwa wiki, kisha ikanyamaza. Fundi aliipiga kofi kama redio mbovu. Aliishusha, akaipandisha, akaiweka juu ya dari.

"Labda watu wameacha kuchechemea," alisema.

"Au wamekusahau," mkewe alisema.

"Mguu hausahau kiatu."

Lakini alikaa mchana kutwa na nyundo mapajani, na hapakuwa na cha kugonga.

*

Siku moja ya Alhamisi, mwezi wa tisa, mtu aliingia karakana akiegemea gongo. Alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka mji wa mbali, mteja wa miaka tisa. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kwa waya.

"Fundi! Kumbe u hai!"

"Nani kaniua?"

"Nimesafiri siku mbili nikijua nakuja kwenye matanga."

"Mwalimu, kaa. Mbona umerudia gongo? Si ulikuwa umelichoma moto?"

"Nimenunua jingine. Ningefanyaje? Tangu mwezi wa saba nakutafuta. Namba yako ya simu niliitoa kwenye tovuti kila nilipoitaka, sikuiandika popote. Sasa nafungua tovuti yako nakuta kamari."

"Kamari?"

Mwalimu alitoa simu. Aliandika jina la tovuti ya karakana, lile lile. Pakafunguka rangi nyekundu na dhahabu, gurudumu linazunguka, na maneno yanayometameta: CHEZA SASA, BAHATI IKO KWAKO.

Fundi alitazama. Kisha akacheka.

"Simu yako mbovu, Mwalimu. Tovuti yangu ipo. Haijatoka humu ndani."

Alivua ufunguo shingoni. Akafungua kabati. Akaifunua ile ngozi ya kondoo taratibu. Kompyuta ilikuwa safi kama siku ile. Bahasha ilikuwa juu yake.

"Hii hapa. Nimeifungia mwenyewe."

Mwalimu alimtazama Fundi, akatazama kompyuta, akamtazama Fundi tena. Alikuwa mtu wa darasani, na alijua pale ambapo mwanafunzi si wa kuchekwa.

"Fundi," alisema polepole, "nani hapa mtaani anajua mambo haya?"

*

Mtaani alikuwepo Mama Fotokopi. Alikuwa na chumba kidogo chenye mashine ya kunakili, kompyuta mbili, na kalamu tatu zimechomekwa kwenye nywele. Alizisahau zote na kila siku aliazima ya nne.

Alisikiliza. Hakucheka, ingawa alikuwa mwanamke wa kucheka.

"Fundi, kaa kwenye kiti. Siyo hicho, hicho kina mguu mbovu, na wewe leo miguu mibovu imekutosha. Haya. Karakana yako hapo nje ina nini juu ya mlango?"

"Kibao. Kimeandikwa jina."

"Tovuti nayo ina kibao. Ndilo jina lile ambalo Mwalimu ameliandika kwenye simu. Wataalamu huliita kikoa. Hulinunui likawa lako milele. Unalikodi, mwaka kwa mwaka. Usipolipia, linatolewa kwa mwingine anayelitaka. Lenu lililipiwa mpaka mwezi wa sita. Mkanyamaza. Wale wa kamari wakaliona halina mwenyewe, wakalichukua."

"Wameiba!"

"Hawajaiba. Wamekodi. Na walilitaka kwa sababu watu wengi walikuwa wanalijua. Wewe umelijengea sifa, wao wamelikalia."

"Na kompyuta yangu?"

"Kompyuta yako ni kama meza ya kuandikia tu. Tovuti haikai humo. Inakaa kwenye kompyuta kubwa inayoitwa seva, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Iko mbali, kwenye kampuni yenye seva nyingi. Wewe unapangishwa nafasi humo, kama chumba. Ndiyo maana mlipozima yenu jioni, watu waliendelea kuiona."

Ushahidi ambao Fundi alikuwa akijisifia ndio uliokuwa unamhukumu.

"Kwa hiyo nimelinda kabati tupu."

"Umelinda meza. Sasa nisikilize, maana kuna jambo. Jina limekwenda. Jina si mali ya kulilia. Lakini kurasa zenyewe, yaani zile picha na vile vipimo, zilikuwa chumbani, siyo kwenye kibao. Kibao kikiondolewa, vyombo vinaweza kuwa bado vimo ndani. Hebu nipige simu."

Alipiga simu kwa ile kampuni ya seva. Alitaja jina la zamani. Alisubiri huku muziki ukilia sikioni. Alisema "ndiyo", akasema "siku ngapi?", akasema "kesho?"

Alikata simu.

"Vyombo vyako viko stoo. Kila kampuni ina desturi yake. Hawa huvitunza siku tisini baada ya kodi kwisha. Leo ni siku ya themanini na tisa. Kesho saa tisa alasiri mtambo unafuta."

"Vipimo vyote?"

"Vyote. Mia mbili na ngapi?"

"Kumi na miwili," Fundi alisema.

"Kuna nakala ya akiba? Yaani nakala nyingine iliyowekwa mahali pengine, ya kwanza ikipotea?"

"Kulikuwa na madaftari."

"Yako wapi?"

Fundi alitazama mikono yake. "Niliyakata."

Mwalimu alifumba macho.

"Basi mlango umebaki mmoja," Mama Fotokopi alisema. "Neno la siri. Ni kama ufunguo, ila ni maandishi. Nikiwa nalo sasa hivi, naingia, nalipia mwezi mmoja, nachukua vitu vyote. Ni kazi ya nusu saa. Unalo?"

Bahasha ilikuwa kabatini. Fundi aliijua. Kila mtu anayeandikiwa barua na mwanawe anajua iko wapi.

"Sina," alisema.

"Binti yako analo. Mpigie."

"Simpigii."

"Fundi. Huna ufunguo, na humpigii mwenye ufunguo. Sasa unataka nivunje mlango kwa kichwa?"

"Nimesema simpigii."

Akatoka. Mwalimu alimfuata na gongo lake, ko, ko, ko, juu ya saruji.

*

Usimchukie mzee yule haraka. Kiburi kilikuwepo, lakini kiburi ni ngozi ya juu tu. Chini yake palikuwa na woga. Barua isiyofunguliwa haijasema neno. Akiifungua, huenda ndani Binti ameandika kwamba harudi. Akiiacha, bado anaweza kurudi. Miezi sita alikuwa amelilinda tumaini hilo kwa ufunguo, akijidanganya kuwa analinda tovuti.

Ijumaa asubuhi aliitoa bahasha, akaiweka mfukoni mwa aproni. Akampima Mwalimu mguu upya. Akakata ngozi. Kila alipoinama, bahasha ilimkwaruza tumbo. Saa tatu ikapita. Saa tano. Saa saba alisema atafungua akimaliza kushona ukingo. Akamaliza ukingo, akaanza mwingine.

Saa tisa kasoro dakika kumi Mama Fotokopi aliingia, kalamu zikimwanguka.

"Shoga," alimwambia mke wa Fundi, "mmempata Binti?"

"Tumpate kwa lipi?"

"Hajakwambia?"

Akaambiwa yote, pale pale mlangoni, kwa maneno kumi. Mke wa Fundi alimgeukia mumewe. Hakupaza sauti.

"Barua iko wapi?"

Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye aproni. Mkewe aliuona. Akaitoa bahasha, akaichana, akasoma kwa sauti.

"'Baba. Najua hutaisoma leo, nawe unajua najua. Jina la tovuti linalipiwa kila mwaka kabla mwezi wa sita haujaisha, na chumba chake pia. Watatuma ukumbusho kwenye barua pepe ya karakana, kwa hiyo uiwashe kompyuta angalau mara moja kwa wiki. Nakala ya akiba sijaiweka, siku zimenipita. Mwambie Mama Fotokopi aichukue. Neno la siri sikuliandika hapa, barua ikipotea mwingine asilione. Ni kile kipimo cha kwanza kabisa, cha siku ya kiatu cha nane, kama mama alivyokiandika. Wewe unakijua. Nikipata likizo nitakuja unibadilishie soli.'"

Kidole cha mkewe kilirudi kwenye mstari wa mwisho.

"Nikipata likizo nitakuja," mkewe alirudia. "Hili ndilo ulilokuwa unaliogopa?"

"Kushoto vidole vitatu miaka minne," Fundi alisema. Alilisema kama mtu anayesoma kaburini.

Mke wake alikimbia. Hakuwa amekimbia tangu ujana. Mama Fotokopi alimfuata akishika nywele zake na kalamu. Fundi alikuja nyuma, na Mwalimu mwenye gongo akampita njiani.

Kompyuta ya Mama Fotokopi iliamka polepole, kama mlevi. Aliandika jina. Aliandika neno la siri pamoja, bila nafasi. Lilikubali.

Ukurasa ulifunguka, mweupe. Katikati kulikuwa na mstari mmoja: Hakuna faili.

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika saba.

"Piga simu," mke wa Fundi alisema. "Waambie dakika saba tu. Waambie ni miguu ya watu."

Mama Fotokopi alipiga. Alisihi, akasihi tena, akakata.

"Aliyefuta si mtu, shoga. Ni mtambo. Mtambo hausihiki."

Mke wa Fundi aliketi kwenye kile kiti chenye mguu mbovu. Hakikuanguka. "Miaka ishirini ya mwandiko wangu," alisema. Kisha akasema jingine, kwa sauti ndogo: "Na mimi nilimwambia mtoto kwamba umesoma. Ningesema kweli, angelipia mwenyewe."

Fundi alisimama mlangoni. Hakuna aliyemlaumu. Ingekuwa nafuu wangemlaumu.

*

Alimpigia Binti kesho yake. Mkewe alimbonyezea namba.

"Halo? Mama?"

"Si mama."

"Baba."

Alikuwa amepanga maneno mengi. Yote yalimkimbia.

"Soli imeliwa upande gani?" aliuliza.

Binti alianza kulia. "Upande wa nje, baba. Imeliwa sana."

"Unakanyaga vibaya. Umechoka. Hukai chini."

"Sikai."

Akamweleza yote: kabati, bahasha, dakika saba. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema "si neno", kwa sababu lilikuwa neno. Alisema tu, "Tuanze upya, baba. Lakini safari hii mjifunze ninyi wenyewe."

Basi wakajifunza. Kila Jumamosi asubuhi mume na mke walikaa kwa Mama Fotokopi kama watoto wa darasa la kwanza.

"Hii alama ninayobonyeza inaitwaje?"

"Kivinjari. Ni programu ya kufungulia tovuti za watu wote. Yenyewe si tovuti. Usije ukaifungia kabatini nayo."

"Unanisimanga."

"Nakukumbusha. Hapa panapofunguka kwanza ni ukurasa wa mwanzo. Ndio uso wa duka. Mtu akifika hapa ajue mara moja ninyi ni nani na mnapatikana wapi. Namba ya simu muiweke juu, siyo chini kabisa ambako mtu mpaka achimbe."

"Na haya maneno ya bluu?"

"Viungo. Ukibonyeza kiungo kinakupeleka ukurasa mwingine. Ule mstari wa juu wenye viungo vikuu ndio menyu. Viwe vichache. Mteja wako amechoka, anaumwa mguu, usimtembeze."

Mke wa Fundi aliuliza swali lililokuwa limemkaa moyoni. "Na vipimo vya watu? Kila mtu atavisoma?"

"Hapana. Mteja anavijaza kwenye fomu, vinakwenda mahali pa kufungwa kwa neno la siri. Na neno hilo lisiwe la kubahatishwa, wala lisijulikane na mtu mmoja tu. Mtu mmoja huondoka. Mtu mmoja hugombana. Mtu mmoja hufa. Wajue wawili."

"Jina liandikishwe kwa nani?" Fundi aliuliza.

"Kwa karakana, na barua pepe ambayo wewe mwenyewe unaifungua. Siku ya kulipia iandikeni ukutani."

Fundi aliiandika ukutani kwa misumari. Alichora tarehe kwenye ubao, akagongelea misumari midogo ya soli kufuata herufi, ili isifutike. Kila mwisho wa mwezi walichukua nakala ya akiba kwenye kifaa kidogo kama kidole, wakakiweka nyumbani kwa Mama Fotokopi, siyo karakana. Na mke wa Fundi alinunua daftari jipya lenye jalada gumu. Juu yake aliandika kwa herufi kubwa: USIKATE.

Hawakulipata jina la zamani. Tovuti mpya ilikuwa na jina jipya, refu kidogo. Simu ya kwanza ilikuja baada ya wiki tano. Mama mmoja alisema alikuwa ameshakata tamaa. Fundi alimwomba amchoree wayo wa mwanawe upya kwenye karatasi. Ilimbidi aombe hivyo kila mara, na kila mara alisema, "Nisamehe, nimevipoteza vipimo vyako." Hakusema vimepotea. Alisema nimevipoteza.

*

Kati ya wateja mia mbili na kumi na wawili, sitini na wanne walirudi. Waliobaki hawajulikani, isipokuwa mmoja. Huyo, mzee wa wayo uliopinda, alianguka kwenye ngazi mwezi wa nane akiwa na viatu vya kuazima. Mwanawe ndiye aliyepiga simu kueleza. Baba yake hakuhitaji kiatu tena.

Mwalimu wa hesabu alirudi kwao na viatu viwili vipya. Gongo aliliacha karakana. Hakulichoma moto mara hii.

Jina la zamani bado lina kamari.

Mama Fotokopi anafundisha watu wanane kila Jumamosi. Bado anaazima kalamu.

Kompyuta ya zamani iliharibika kwa unyevu wa kabatini. Sasa Fundi anaiweka juu ya soli zilizopakwa gundi, ziminywe vizuri.

Mke wa Fundi amejaza daftari moja na robo. Haongopi tena kwenye simu, hata pale ambapo uongo ungemfaa mtu.

Binti hakupata likizo mwaka ule, wala uliofuata. Alipelekewa viatu kwa posta, vidole vitatu kamili, upande wa nje umeongezwa kidogo. Alipiga simu kusema vimemkaa.

Fundi Soli haoni vizuri siku hizi, na mkono wake umeanza kutetemeka. Anawasha kompyuta mpya kila Jumatatu na kusoma barua pepe zote, hata zile za matangazo.